Maswali ya Wasomaji: Askofu aliyewaandikia mawaziri

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msomaji wako wa Kirumba, Mwanza. Babu yangu mzaa mama alikuwa katekista. Alizaliwa upande wa Nyanza, Kenya, akavuka kuja Shirati akiwa kijana, baadaye akahamia Mwanza, na huku ndiko alikozikwa. Mwezi wa nne, tulipokuwa tunagawana vitu vya marehemu mama, tulikuta daftari la babu ndani ya sanduku la bati. Lina mstari mmoja ambao haunitoki kichwani: "Tumeambiwa kanisani, Askofu Mkuu wa Waingereza amewaandikia mawaziri kwa ajili ya kazi ya nguvu." Tarehe haipo. Mdogo wangu akatafuta kwenye simu, akaja na tafsiri inayosema askofu huyo aliwaandikia "wachungaji". Basi nyumbani tumebishana hadi usiku. Ni wachungaji au ni mawaziri? Askofu mwenyewe ni nani? Na la tatu, ambalo ndilo linaloniuma: barua hizo zilimsaidia mtu yeyote huku ziwani, au yalikuwa maneno ya wakubwa kwa wakubwa?

Mjukuu wa katekista, Kirumba

JIBU

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa kuondokewa na mama.

Nianze na ubishi wa nyumbani, maana huo unakwisha upesi. Babu alikuwa sahihi, simu ndiyo iliyokosea. Waingereza wana neno moja ambalo humwita kwalo mchungaji wa kanisa, na hilohilo humwita kwalo waziri wa Serikali. Asili yake ni Kilatini na maana yake ni mtumishi. Kiswahili kiliwatenga watu hao wawili zamani. Waziri tulilipata kwa Waarabu, na wajuzi wa Kiarabu huliunganisha na neno wizr, yaani mzigo: waziri ni mtu anayembebea mtawala mzigo wake. Mchungaji tulimtoa kwenye zizi letu wenyewe. Mashine ikikutana na neno la Kiingereza karibu na jina la askofu, inaona kanisa, inachagua mchungaji na kuendelea na safari. Mwambie mdogo wako asivunjike moyo. Nimewasahihisha wanafunzi wa kidato cha sita kosa hilohilo, tena wenye kamusi mezani.

Askofu anayetajwa ni Randall Davidson, Askofu Mkuu wa Canterbury. Alizaliwa Edinburgh, Scotland, mwaka 1848, akashika kiti hicho kuanzia 1903 hadi 1928. Miaka 25! Mawaziri wakuu saba walipita mbele yake, kuanzia Balfour hadi MacDonald na Baldwin, yeye yupo palepale. Alipokuwa na miaka 18 alipigwa kwa ajali na bunduki ya kuwindia, marisau yakamwingia nyonga, na athari zake aliishi nazo mpaka uzeeni. Huyu ndiye mzee aliyekuwa akiandika barua usiku na mchana.

Makao yake yalikuwa Lambeth, London, ukingoni mwa mto Thames, na ukisimama pale unaliona Bunge ng'ambo. Usifikirie maji ya kuvuka kwa pantoni kama pale Kamanga. Huo ni mto wa kuvuka kwa miguu darajani. Tena Askofu Mkuu ana kiti chake katika Bunge la Malodi. Kwa hiyo barua yake haikulala masijala ikingoja kugongwa mhuri wa kupokelewa. Ilifika mezani kwa waziri mwenyewe, na waziri alijua kwamba asipojibu, wiki ijayo mzee huyo anaweza kusimama bungeni na kumuuliza mbele ya watu. Davidson alikuwa na desturi nyingine ninayoipenda kuliko zote: akitoka kuzungumza na mkubwa, aliweka kwenye maandishi yale waliyoambiana. Barua zake, majibu aliyopokea na kumbukumbu hizo zipo hadi leo katika maktaba ya Lambeth, mamia ya majalada.

Sasa, mwanangu, nisikudanganye kwamba kila alichoandika kilikuwa dhahabu. Mwaka 1904, Serikali ya Uingereza ilipotaka kuwapeleka vibarua wa Kichina kwenye migodi ya Transvaal, Afrika Kusini, chini ya masharti magumu, Davidson alisema bungeni kwamba ni jambo la kusikitisha lakini ni la lazima. Alilaumiwa vikali na watu wake mwenyewe, na mimi naona walikuwa na haki. Mei 1915, Wajerumani walipokuwa wameanza kutumia gesi ya sumu huko Ypres, alimwandikia Waziri Mkuu Asquith akimsihi Uingereza isilipize kwa gesi. Ilikuwa barua nzuri, ya mtu aliyekosa usingizi. Septemba mwaka uleule jeshi la Uingereza likafungulia gesi yake huko Loos, Ufaransa. Kwa hiyo barua ya askofu kwa waziri ilikuwa na nguvu, lakini ni nguvu ya kuomba.

Tuje kwenye kazi ya nguvu, yaani kazi ya kulazimishwa, maana hapo ndipo babu yako anapoingia.

Vita ya kwanza ilipokwisha, nchi ile iliyokuwa bado ikiitwa Himaya ya Afrika Mashariki (jina la Koloni ya Kenya lilikuja 1920) ilikuwa imekamuliwa watu. Wanaume wa ziwani walikuwa wamechukuliwa kwa maelfu kuwa wapagazi wa jeshi, na wengi hawakurudi. Waliorudi walikuta njaa na homa ile kali ya 1918. Wakati huohuo walowezi wa Kizungu walitaka watu wa kuwalimia kahawa na katani, na kwa ujira waliokuwa wakilipa, watu hawakuja. Ndipo tarehe 23 Oktoba 1919 ukatoka Waraka wa Kazi Namba 1, kwa maagizo ya Gavana Sir Edward Northey. Aliyeutoa ni John Ainsworth, Kamishna Mkuu wa Wenyeji, mtu ambaye kabla ya hapo alikuwa ametawala jimbo la Nyanza kwa miaka mingi. Aliwajua Wajaluo na Waluhya kwa karibu.

Nilipokuwa nafundisha Sengerema nilizoea kuuandika ubaoni muhtasari wa waraka huo, kisha nawauliza wanafunzi: kuna neno "lazima" hapa? Hakuna. Unasema maofisa watumie kila ushawishi halali ili wanaume wenye nguvu waende kufanya kazi. Unasema mashamba yakiwa karibu, wanawake na watoto nao watiwe moyo kwenda. Unasema machifu na wazee wakumbushwe mara kwa mara kwamba ni wajibu wao kuwahimiza vijana. Halafu, chini kabisa, unasema mkuu wa wilaya aweke orodha ya majina ya machifu wanaosaidia na ya wale wasiosaidia, na taarifa ipelekwe juu.

Jiweke kwenye kiti cha chifu pale Gem au Alego, huko Nyanza. Ofisa anakuja na kitabu chake. Hakuamuru chochote. Anakuuliza tu, kwa upole, mwezi huu wametoka vijana wangapi, huku kalamu iko juu ya jina lako. Utafanyaje? Utatuma askari wako usiku kwenye maboma, na ukikosa wanaume utachukua mabinti.

Watu wa kwanza kuandika dhidi ya waraka ule walikuwa watatu: Askofu Willis wa Uganda, Askofu Heywood wa Mombasa, na Dakta Arthur wa misheni ya Wascotland. Mshike huyu Willis, mwanangu, kwa sababu ni mtu wa ziwa letu. Kiti chake kilikuwa Namirembe, lakini kabla ya uaskofu alifanya kazi Nyanza, na ndiye aliyeanzisha misheni ya Maseno mwaka 1906. Katika waraka wao wa 1919 walitia sentensi ambayo kwangu mimi ndiyo kiini cha jambo zima. Walisema kwamba kwa mwananchi, dokezo la Serikali na amri ya Serikali havina tofauti. Hiyo haikutungwa Lambeth wala Nairobi. Hayo ni maneno ya mtu aliyewasikiliza watu wanaokaa kwenye baraza la chifu.

Lakini ndani ya waraka uleule maaskofu wakajikwaa. Wakasema kama kazi ya kulazimishwa haina budi kuwapo, basi ni bora iwe kwa sheria, hadharani, yenye mipaka. Walidhani wanamkinga mwananchi dhidi ya ushawishi wa kificho. Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliposoma hayo aliwaka moto. Yeye mwenyewe wakati wa vita aliongoza kikosi cha wapagazi kutoka Zanzibar, aliwaona wakitembea na mizigo kichwani na wakifa njiani, na hakuwa tayari kusikia neno "kulazimisha" likitiwa baraka. Akaandika kijitabu cha wazi, akawashambulia Serikali na maaskofu wenzake kwa pamoja. Nampenda Weston kwa hilo. Hakuwa na subira ya Davidson, na jambo lile halikustahili subira.

Mjini London alikuwapo katibu wa vyama vya misheni, Joseph Oldham, mtu asiyependa kelele. Oldham hakuutaka ule waraka wa maaskofu jinsi ulivyokuwa, akaandika wake, akaufanya uwe wa kupinga kabisa Serikali kumtafutia mtu binafsi vibarua, akazunguka kukusanya saini za wabunge, viongozi wa makanisa na wasomi. Kisha akampa Davidson aubebe. Desemba 1920 Askofu Mkuu akaongoza ujumbe kwenda kwa Lord Milner, Waziri wa Makoloni, na kumkabidhi. Milner alikuwa upande wa Northey, na mapema mwaka uliofuata akaacha kazi. Aliyeshika nafasi yake ni Winston Churchill. Septemba 1921 Churchill akampelekea Gavana maagizo: maofisa wa Serikali wasishiriki kuwatafutia watu binafsi wafanyakazi, na kazi ya lazima kwa ajili ya Serikali yenyewe iwekewe mipaka.

Kwa hiyo, ukiniomba niutafutie tarehe ule mstari wa daftari, mimi nauweka kati ya Desemba 1920 na mwisho wa 1921. Habari zilitoka Namirembe na Mombasa, zikafika Maseno, zikasomwa kanisani, kijana mmoja akaziandika.

Sasa lile linalokuuma. Zilisaidia?

Zilisaidia kiasi hiki: baada ya 1921 mkuu wa wilaya hakuwa tena na karatasi ya kumwonyesha chifu. Hilo si dogo kwa mama aliyekuwa akificha binti yake kwenye matete. Na mwaka 1923, Oldham na Davidson wakiwa bado wanazungumza na kuandikiana na wizara, Waziri Duke wa Devonshire alitoa tamko kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika na kwamba masilahi ya Waafrika ndiyo yatangulie. Walowezi walikasirika mno, ingawa ardhi waliyokwisha kuichukua walibaki nayo.

Hazikusaidia hapa: kodi ya kibanda ilibaki. Kipande, ile karatasi ya utambulisho ambayo mwanaume alilazimishwa kuibeba, kilibaki. Mwanaume akidaiwa kodi na hana shilingi, ataenda shambani kwa mlowezi bila askari kumfuata. Na katika barua zile zote, ng'ambo ya Thames, hakuna mahali Davidson alipoomba utawala wenyewe uondoke. Alitaka Serikali yake itawale kwa mikono safi. Wala hakuna Mjaluo aliyeitwa Lambeth kuulizwa.

Wajaluo walijisemea wenyewe. Tarehe 23 Desemba 1921, pale Lundha katika Gem, walikutana watu wengi, walimu wa Maseno wakiwa mbele, na Jonathan Okwiri akawa mwenyekiti. Mkutano ule uliitwa Piny Owacho, yaani nchi imesema. Walidai kipande kiondolewe, kodi ipunguzwe, kambi za kazi zifungwe. Mwaka uliofuata Gavana Northey alilazimika kuja mwenyewe kuwasikiliza. Babu yako kama alikuwa kijana wa kanisa upande ule, alikuwa na masikio mawili: moja lilisikia habari za Askofu Mkuu, jingine lilisikia Piny Owacho. Tafadhali tazama kurasa zinazofuata ule mstari. Mimi nina hamu kubwa ya kujua kama jina la Okwiri limo.

Kuna mtu mmoja tu wa kanisa ninayemwona alisimama katikati ya masikio hayo mawili, naye ni Walter Owen, Shemasi Mkuu wa Kavirondo (ndilo jina la zamani la Nyanza) tangu 1918. Huyu hakukaa kuandikia wakubwa kwa upole. Aliandika kwa magazeti ya Uingereza, akieleza wanawake na watoto wanaotengenezeshwa barabara bila malipo, jambo ambalo maofisa wasingependa lisomwe London. Walowezi walimgeuzia cheo, wakamwita kwa Kiingereza chao kitu kama "Shetani Mkuu" badala ya "Shemasi Mkuu". Ninachomlaumu ni kwamba mwaka 1923 alikichukua chama cha akina Okwiri, akakigeuza kuwa chama cha ustawi wa walipa kodi, na wanachama wakaahidi kuchimba vyoo, kuua panya na kupanda miti. Mambo mema, lakini moto wa Lundha ulipungua. Hata hivyo madai yao aliyapeleka mbele, na alifanya hivyo akijua jina lake litachafuliwa kila siku katika vilabu vya Wazungu.

Unisamehe niingize na la kwangu. Niliwahi kuwa katibu wa baraza la parokia, na wavuvi wa mwalo wetu walinituma niandikie ofisi moja kubwa juu ya ushuru uliokuwa ukitozwa alfajiri bila stakabadhi. Niliandika kurasa tatu za uchungu, na Maandiko ndani. Sikujibiwa. Mzee mmoja mwenye mtumbwi, asiyejua kusoma, akaniambia: "Mwalimu, umewaambia tunaumia. Hujawaambia ni nani, siku gani, na ngapi." Tukakaa naye mwaloni siku nne, saa kumi na moja alfajiri, dagaa wakiwa bado kwenye ndoo, mimi na kalamu, yeye ananitajia: mtumbwi fulani, ndoo kadhaa, shilingi kadhaa, karatasi hakuna. Barua ya pili ilikuwa ukurasa mmoja. Wiki ya tano alikuja mtu na faili kwapani, akauliza tuliyaandika wapi yale. Tangu siku ile, nikisoma ule waraka wa akina Willis, naiona ile sentensi ya dokezo na amri namsikia yule mzee. Kuna mtu huko Nyanza aliyeisema kwanza kwa Kijaluo au Kiluhya, na jina lake halimo kwenye jalada lolote la Lambeth.

Jambo la mwisho. Chungulia chini ya sanduku kama kuna kikopo kidogo cha bati chenye kamba au mnyororo. Kipande kilivaliwa shingoni hivyo, karatasi yenye alama za vidole ikiwa ndani. Kama kipo, msikifungue kwa nguvu.

SWALI

Mwalimu, hujambo. Mwalimu mwenzako hapa Nansio, Ukerewe. Wanafunzi wangu hawaamini kwamba barua ilitoka kwetu ikafika London wakati hakuna lami wala ndege. Ilipita wapi?

JIBU

Sijambo, mwalimu mwenzangu. Waambie kuna nyakati mbili. Kabla ya reli, barua ya kusini mwa ziwa ilikwenda kwa miguu. Mmisionari Alexander Mackay alipokaa Usambiro, kusini mwa ziwa, barua zake zilibebwa na wapagazi hadi pwani mkabala na Zanzibar, miezi kwa miezi, na njia ikifungwa na vita zinakaa. Alifariki pale Usambiro tarehe 8 Februari 1890, na mifupa yake ilihamishiwa Namirembe mwaka 1927. Wamisionari wa Nassa, hapo jirani yenu kwenye Ghuba ya Speke, walitegemea miguu hiyohiyo tangu 1888.

Reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu, Desemba 1901, kila kitu kiligeuka. Meli za ziwa kama Winifred na Sybil zilichukua mifuko ya barua, na hata Wajerumani wa Mwanza walipitishia za kwao Kisumu, kwa Mwingereza, kwa sababu reli ya kutoka Tabora haikufika Mwanza hadi 1928. Kutoka Mombasa ni meli, Mfereji wa Suez, Ulaya. Waonyeshe kwenye ramani: barua ya Mwanza ilianza safari ya London kwa kwenda kaskazini majini, ikapita mbele ya kisiwa chenu.

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Nina barua za marehemu baba za miaka ya hamsini, nyingine zimepigwa taipu kwa kaboni. Zinanuka ukungu. Kijana wa stesheneri ananishauri niziweke zote kwenye plastiki ya moto ziwe ngumu kama kitambulisho. Nimsikilize?

Msomaji, Nyegezi

JIBU

Marahaba. Usimsikilize, nakuomba sana. Plastiki ile ya moto haitoki tena, na nakala ya kaboni ikipashwa joto inaweza kupaka na kufutika. Vilevile usibandike selotepu palipochanika. Baada ya miaka gundi yake inageuka rangi ya chai na kula herufi.

Fanya hivi. Chagua siku ya kiangazi isiyo na upepo wa ziwa, utandaze karatasi kivulini, ndani ya nyumba, juu ya shuka safi, zipumue siku nzima. Jua kali lisizipige. Toa pini na klipu zote zilizoshika kutu, polepole, kwa kuinua kutu kwanza na ukucha, usivute. Zipige picha kwa simu, mbele na nyuma, pamoja na bahasha, maana mhuri wa posta ndio mara nyingi wenye tarehe. Halafu kila barua iingie kwenye bahasha yake ya karatasi, na zote kwenye boksi, juu ya kabati, mbali na ukuta wa nje. Usiziweke kwenye mfuko wa nailoni. Unyevunyevu wa Nyegezi ukiingia humo hautoki.

Juu ya bahasha andika nani alimwandikia nani, lini, na nani amekuhadithia habari yake. Majina ya kina mama yaandikwe kamili, si "mke wa fulani". Na uandike kwa penseli.